Vumbi lililofika Washington: namna Marekani ilianza kulipa wakulima ili wachunge udongo

Kwa wazee wengi wa milima ya Kivu, neno "mitaro" linakumbusha kazi ya leta. Mtu alichimba mtaro wa kuzuia mmomonyoko kwa sababu chefu na mtumishi wa kilimo walipita kupima, na asiyechimba alingoja azabu. Huko Marekani, karibu miaka ileile, mkulima aliyefanya kazi kama hiyo ndani ya shamba lake aliandikiwa sheki na serikali. Kuna sababu mambo yaligeuka vile huko. Lakini historia hiyo haikuwa safi: pesa zilipoanza kutoka, kuna waliopona kwa pesa hizo, na kuna familia zilizofukuzwa mashambani kwa sababu yake.

Tuanzie kwenye uwanda mkubwa wa katikati ya Marekani, sehemu ambapo majimbo ya Kansas, Oklahoma, Texas, Colorado na New Mexico yanakaribiana. Ni inchi tambarare, yenye upepo mwingi na mvua kidogo. Wenyeji wake wa kwanza, kama vile Wacomanche, Wakiowa na Wacheyenne, walifukuzwa kwa vita katika karne ya 19 na kufungiwa katika maeneo madogo. Nyati waliolisha majani yake waliuawa karibu wote. Mwaka wa 1862 sheria ilimpa kila mtu aliyekubali kukaa na kulima eka 160, yaani karibu hekta 65, bila kuinunua. Mwaka wa 1909 sheria nyingine iliongeza hadi eka 320 kwa sehemu kavu, kwa kuwa watu walikuwa wameona kwamba eka 160 pale hazilishi familia.

Udongo wa pale ulishikwa na majani mafupi yenye mizizi mirefu. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, ngano ilipanda bei hadi zaidi ya dola 2 kwa gunia dogo la kilo 27. Kila mtu akakimbilia ngano. Trakta zikaingia, majani yakapinduliwa, mamilioni ya eka yakabaki wazi. Halafu bei ikaanguka, na kufikia 1931 gunia lile lilikuwa chini ya senti 50. Mkulima mwenye deni la trakta alifanya nini? Alilima eneo kubwa zaidi ili apate pesa ileile. Kisha mvua ikakatika.

Lazima isemwe pia kwamba serikali yenyewe ilikuwa imewadanganya wakulima, pengine bila kujua. Mwaka wa 1909 ofisi ya udongo ya Washington iliandika kwamba udongo ni mali ya taifa isiyoweza kuharibika wala kuisha. Kijana mmoja aliyefanya kazi ndani ya ofisi hiyo hakukubali. Jina lake Hugh Hammond Bennett, aliyezaliwa mwaka wa 1881 katika wilaya ya Anson, jimbo la North Carolina, mtoto wa mkulima wa pamba. Kazi yake tangu 1903 ilikuwa kutembea mashambani na kupima udongo. Aliona kwamba maji hayachimbi makorongo tu, ambayo kila mtu anayaona. Yanaondoa pia tabaka jembamba la juu kila mvua inaponyesha, na mwenye shamba hatambui mpaka siku moja anakuta jembe linagonga udongo mwekundu wa chini. Mwaka wa 1928, pamoja na W. R. Chapline, alitoa kijitabu cha kuonya kwamba mmomonyoko ni hatari kwa taifa zima. Mwaka uliofuata Bunge lilitoa dola 160,000 za kufungua vituo vya majaribio. Kwa inchi kubwa kama ile, ilikuwa pesa kidogo sana.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1933, Franklin Roosevelt alipoingia madarakani wakati mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Bennett alipewa dola milioni 5, zilizotoka kwenye mfuko wa kuwapatia watu kazi. Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa katika bonde la Coon, jimbo la Wisconsin, sehemu ya vilima ambayo mtu wa Masisi ao wa Walungu angeielewa upesi: miteremko mikali, ng'ombe wanaokanyaga msitu wa juu, na maji yanayoteremka na mawe kila masika.

Namna walivyofanya pale ndiyo ikawa mufano. Mkulima alitia saini mkataba wa miaka 5. Yeye alikubali kulima kwa kukingama mteremko, kupanda mistari ya majani katikati ya mistari ya mahindi, na kutoa ng'ombe kwenye mlima mkali. Serikali ilileta mbegu, chokaa ya udongo, waya wa kuzungushia, miche, na mikono ya watu. Mikono hiyo ilikuwa vijana wa kambi za kazi, wasio na ndoa, waliolipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Kwa hiyo pesa ya kuponya mlima wa Wisconsin ilinunua mkate mjini. Wakulima wengi waliogopa mwanzoni, wakifikiri ni ujanja wa serikali wa kuchukua mashamba. Waliosadikishwa walisadikishwa na shamba la jirani, si na hotuba.

Lakini wakati ule ule upepo ulikuwa unanyanyua uwanda wa magharibi. Mwezi Mei 1934 wingu la vumbi lilitoka kule, likapita Chicago, likafika New York na Washington, na mabaharia ndani ya bahari ya Atlantiki walikuta vumbi juu ya meli zao. Tarehe 14 Aprili 1935, siku ya Jumapili, lilikuja wingu jeusi lililofunika mchana ukawa usiku katika Oklahoma na Texas. Mwandishi wa habari Robert Geiger alikuwa kule, na katika habari alizotuma alitumia maneno yenye maana ya "bakuli la vumbi". Jina likabaki hadi leo.

Kuhusu Bennett kuna kisa kinachosimuliwa sana. Alikuwa akieleza shida ya udongo mbele ya maseneta, naye alikuwa amepata habari kwamba wingu lingine liko njiani. Akarefusha maelezo, akaongeza takwimu, akasoma na kusoma, mpaka mwanga wa dirisha ukafifia na vumbi la uwanda likaingia Washington lenyewe kutoa ushahidi. Pengine waliosimulia wametia chumvi. Lakini sheria haina chumvi: tarehe 27 Aprili 1935 Bunge lilipitisha sheria ya kuchunga udongo bila sauti hata moja ya kupinga, na Bennett akawa mkuu wa idara mpya ndani ya wizara ya kilimo.

Hapo ndipo tunafika kwenye pesa zenyewe, na hapo historia inakuwa ya siasa zaidi kuliko ya udongo.

Tangu Mei 1933 serikali ya Roosevelt ilikuwa ikilipa wakulima ili wapunguze mazao, kwa kuwa mazao mengi yalikuwa yameua bei. Mwaka ule mamilioni ya eka za pamba iliyokwisha kuota zilipinduliwa, na watoto wa nguruwe milioni 6 walinunuliwa na kuchinjwa. Inasimuliwa kwamba nyumbu waliovuta majembe walikataa kukanyaga mistari ya pamba, maana walifundishwa maisha yao yote wasiikanyage. Watu wenye njaa walikasirika sana kuona chakula kinaharibiwa. Pesa za mpango huo zilitoka kwenye kodi iliyotozwa viwanda vinavyosaga ngano na kusokota pamba. Wenye viwanda wakaenda kushitaki, na tarehe 6 Januari 1936 Korti Kuu iliamua kwa sauti 6 dhidi ya 3 kwamba mpango huo unakwenda kinyume cha katiba.

Serikali ilikuwa na wakulima waliongoja sheki, na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Wiki zisizofika 8 zikapita. Tarehe 29 Februari 1936 Roosevelt alitia saini sheria mpya. Sasa mkulima hakulipwa tena ili apunguze pamba. Alilipwa kwa kutoa shamba kwenye mimea inayochosha udongo, kama vile pamba, ngano, mahindi na tumbaku, na kupanda mimea inayoponya udongo, kama majani na jamii ya maharage. Malipo ya pili yalikuwa ya kazi ya kujenga udongo: kuweka matuta, kutia chokaa, kupanda miti. Mtu anaweza kuona ujanja hapa. Mimea inayochosha udongo ilikuwa ileile iliyojaa sokoni kupita kiasi. Udongo ulikuwa mlango wa nyuma wa kupitishia pesa ambazo Korti ilikataza kupita mlango wa mbele. Lakini mlango huo ulikuwa wa kweli, na programu iliyozaliwa siku ile, ya serikali na mkulima kugawana gharama, iliendelea miaka 60.

Katika uwanda wa vumbi wakulima waliokataa mafundisho mapya walibembelezwa kwa dola 1 kwa eka ili walime kwa kufuata usawa wa inchi na kuacha mabua yasimame. Upande mwingine, kati ya 1934 na 1942, miti zaidi ya milioni 200 ilipandwa katika mistari mirefu ya kuzuia upepo kuanzia North Dakota mpaka Texas, ndani ya mashamba ya watu karibu 30,000. Mti wa kwanza ulipandwa Oklahoma mwezi Machi 1935. Kufikia 1938 udongo uliopeperuka ulikuwa umepungua sana, ijapokuwa mvua yenyewe ilikuwa bado haijarudi vizuri.

Sasa tuseme juu ya waliokosa.

Huko kusini, sehemu za pamba, wanaume na wanawake waliolima hawakuwa wenye mashamba. Walikaa katika nyumba ya mwenye shamba, wakakopa mbegu na unga kwake, na wakati wa mavuno waligawana. Wengi walikuwa weusi, wajukuu wa watumwa. Wengi pia walikuwa weupe masikini. Mkataba wa serikali ulitiwa saini na mwenye shamba. Sheki ilikuja kwa jina lake. Mkataba ulisema apunguze eka na awapatie wapangaji sehemu yao, tena abaki na hesabu ileile ya familia "kadiri inavyowezekana". Maneno hayo yalitosha kubomoa nyumba nyingi. Mwenye shamba aliyepunguza pamba hakuhitaji tena mikono yote, na familia isiyokuwapo haikugawiwa kitu. Akawafukuza, na kwa pesa ya serikali akanunua trakta.

Mwezi Julai 1934, katika kijiji cha Tyronza, jimbo la Arkansas, wapangaji weusi na weupe waliunda chama kimoja, jambo la hatari kubwa mahali pale na wakati ule. Waliviziwa, walipigwa, mikutano yao ilitawanywa. Ndani ya wizara ya kilimo yenyewe, wanasheria wachache walitaka mkataba usomwe kwa faida ya wapangaji: familia zilezile zibaki, na si hesabu tu. Mwezi Februari 1935 wanasheria hao walifukuzwa kazi. Wakubwa wa wizara waliogopa kupoteza wabunge wa kusini, ambao wengi walikuwa marafiki wa wenye mashamba ao wenye mashamba wenyewe.

Baadaye sheria ilirekebishwa ili sehemu ya mpangaji iwe kubwa zaidi. Matokeo yake yalikuwa machungu. Huko kusini-mashariki ya jimbo la Missouri, wenye mashamba waliona heri kuwa na vibarua wa siku kuliko wapangaji wa kugawana nao sheki. Mwezi Januari 1939, kwenye baridi kali, familia zilizofukuzwa zilitoka na vitanda, majiko na kuku wao, zikakaa kando ya barabara kubwa mbili za 60 na 61, watu zaidi ya elfu moja, wengi weusi, wakiongozwa na mhubiri Owen Whitfield. Walikaa mahali pa kuonekana kwa makusudi. Magari yalipita, wapiga picha wakaja. Baada ya siku chache wakuu wa jimbo walisema kambi hiyo ni hatari kwa afya ya watu, polisi wakaitawanya na kuwapeleka mbali na barabara, mahali ambapo hakuna mpiga picha. Wenye kuishi kambini hapa kwetu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Waliotoka upande wa vumbi pia hawakupokelewa vizuri. Watu karibu milioni 2.5 waliacha majimbo ya uwanda kufikia 1940, na wapata 200,000 kati yao walikwenda California. Mwezi Februari 1936 mkuu wa polisi wa mji wa Los Angeles alituma polisi wake mpaka kwenye mipaka ya jimbo kurudisha wasio na pesa, kana kwamba Mmarekani alihitaji pasipoti ndani ya inchi yake. Jimbo lilikuwa pia na sheria ya kumwazibu anayemleta masikini. Bwana mmoja, Edwards, alihukumiwa kwa sababu alikwenda Texas na gari kumchukua ndugu ya mke wake aliyekosa kazi. Mwaka wa 1941 Korti Kuu ilifuta hukumu hiyo.

Bennett alielewa kitu kimoja ambacho wengi wa Washington hawakukielewa: mkulima hapendi kuongozwa na mtu asiyemjua. Mwaka wa 1937 Roosevelt aliandikia magavana wote akiwaomba wapitishe sheria ya kuunda wilaya za kuchunga udongo, ambazo wakulima wenyewe wanachagua wakubwa wake. Ya kwanza ilianzishwa Agosti 1937 katika wilaya ya Anson, nyumbani kwa Bennett. Leo ziko karibu 3,000. Pesa na wataalamu wanatoka juu, lakini mkulima anaingia ofisi ambayo jirani yake anakaa kwenye kamati. Mpango huo ulisaidia sana, na pia ulikuwa na ubaya wake: kule ambako kamati ilikuwa ya weupe tu, mkulima mweusi alingojeshwa mpaka msimu upite. Malalamiko ya namna hiyo dhidi ya wizara yalifika kortini, hasa kuhusu mikopo, na mwaka wa 1999 serikali ilikubali kulipa wakulima weusi. Jumla ilizidi dola bilioni 1.

Miaka iliyofuata mtu anaweza kuipitia haraka. Mwaka wa 1956 serikali ilianza kulipa watu ili walaze mashamba. Mwaka wa 1972 Warusi walinunua ngano nyingi sana, bei ikapanda, na waziri wa kilimo Earl Butz akawahimiza wakulima walime mpaka kwenye uzio. Sehemu nyingi miti ya Roosevelt ikakatwa kwa pesa ya mkulima mwenyewe, miti ambayo baba yake alisaidiwa na serikali kuipanda. Bei ikaanguka tena, madeni yakaua mashamba. Mwezi Desemba 1985 sheria mpya ikaleta mambo mawili pamoja: mkataba wa miaka 10 hadi 15 kwa anayelaza udongo unaobomoka, na onyo kwamba anayelima mteremko mbaya bila kinga atanyimwa msaada mwingine wa serikali. Mwaka wa 2007 mashamba yaliyolazwa yalifika eka zaidi ya milioni 36. Mwaka wa 1996 ile programu ya tangu 1936 ikabadilishwa jina na taratibu, na ndiyo inayolipa leo.

Taratibu zake zinastahili kuangaliwa. Kwa kawaida mkulima anafanya kazi kwanza, anatumia pesa yake ao mkopo, mtumishi anakuja kupima, kisha serikali inamrudishia sehemu ya gharama, mara nyingi mpaka asilimia 75. Kwa anayeanza kilimo ao masikini, inaweza kufika asilimia 90 (mpaka 2025 iliwezekana pia kwa yule wa jamii iliyobaguliwa zamani), na anaweza kupewa nusu kabla ya kuanza. Wanaoomba ni wengi kuliko pesa. Tena kulipwa baadaye ni kumwamini anayelipa: mwezi Januari 2025 serikali mpya ilisimamisha malipo ya sehemu ya mikataba hiyo, na wakulima waliokwisha kununua waya na mabomba walibaki na karatasi mkononi. Mwezi Februari wizara ilifungua sehemu tu, dola milioni 20 hivi.

Na kwetu? Vumbi la Marekani liliwatisha wakoloni wa Afrika nzima. Mwezi Novemba 1948 mji wa Goma ulipokea mkutano wa udongo wa Afrika, wataalamu wakaja kuzungumza juu ya milima inayoteremka. Walichukua elimu ya Bennett, lakini sheki waliiacha Marekani. Tangu 1917 Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na sheria ya kilimo cha lazima ya siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka wa 1942, ziliongezwa kufika 120. Mitaro ya Kivu iliingia katika njia hiyohiyo. Mahali pengine watu walikataa wazi: wanawake wa Murang'a huko Kenya mwaka wa 1947, na watu wa milima ya Uluguru huko Tanganyika mwaka wa 1955. Hapa, uhuru ulipokuja 1960, sehemu nyingi mitaro iliachwa ijae, kwa sababu kuijaza kulikuwa kama kuvua mzigo. Kisha Mobutu akaleta salongo, na neno la kazi ya bure likapata jina jipya.

Sheria ya kilimo ya Desemba 2011 inazungumzia mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo. Tarehe 4 Mei 2023 mvua iliteremsha mlima juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Hakuna mkulima wa juu ya vijiji hivyo aliyekuwa na mkataba wa kulipwa kwa mtaro ao kwa mti.

Hata kama pesa ingekuja kesho, swali la Arkansas lingekuja nayo. Katika Bushi, aliye na shamba kwa kalinzi anaweza kuliachia watoto wake. Aliyekodi kwa bwasa, na ndivyo wanavyokodi wahami wengi wanaopata kipande cha kulima, anahesabu msimu ao mwaka. Kwa kawaida haruhusiwi kupanda mti, kwa sababu mti unaweza kuwa ushahidi wa umiliki. Mtaro anaruhusiwa kuuchimba, na mwenye shamba anaurudisha pamoja na shamba.